Mpaka Mzaliwa wa Kwanza Afike

Kura zilikuwa mbili kwa mbili, na ya tano ilikuwa ya Niwaeli Mshana.

Hoja yenyewe ilikuwa ya sentensi moja, maana Khelef Shaame si mtu wa kupoteza maneno: lugha ya Tamko iondolewe katika Mgawo kuanzia toleo la saba. Chini yake watunzaji wanne walikuwa wameshaweka majina na sababu zao, wawili huku, wawili kule. Chini kabisa palikuwa na nafasi tupu ikimsubiri mwanamke aliyelibuni hilo Tamko miaka ishirini na sita iliyopita, akiwa na miaka thelathini na mbili na kiburi cha kutosha wilaya nzima. Mwisho wa kura ulikuwa Jumamosi saa sita mchana. Na sasa ilikuwa Alhamisi.

Asiyejua Mgawo ni nini, basi hajawahi kula tangawizi ya milimani. Ndiyo programu inayoendesha malango ya maji katika mabwawa na mifereji elfu moja na mia tisa, kuanzia Upare mpaka Marakwet. Ni programu huria: haina mwenyewe, kila mtu anaruhusiwa kuisoma, kuichukua na kuibadili, na hao watunzaji watano kazi yao ni kulinda ile nakala ambayo wote wanaiamini. Tangu mvua zianze kuja kwa mafungu, mara nne tu kwa mwaka na kila mara zote kwa pamoja, hakuna kijiji cha mlimani kinachogawa maji kwa kukadiria. Kisanduku kinakaa ukingoni mwa ndiva, lile bwawa la udongo na mawe walilochimba mababu wa Wapare. Kinapima kina cha maji, kinajua zamu ni ya nani, kinafungua lango na kulifunga.

Sasa ndani ya Mgawo Niwaeli alipachika lugha ndogo, hiyo Tamko. Alikuwa mtoto wa ndiva, alijua kwamba hakuna fundi duniani anayeweza kuandika katika programu moja desturi za mabwawa yote hayo. Hapa mama mwenye mtoto mchanga hupewa zamu ya kwanza, pale mgeni hunyweshewa ng'ombe kabla ya mwenyeji, kwingine mkwe haruhusiwi kupita langoni. Akaona kijiji kiandike chenyewe, kwa maneno yanayokaribia yale ya mdomoni. Watu wakaandika. Kwa hesabu ya mwaka huo, matamko yalikuwa elfu sita na mia mbili na ushee.

Na mojawapo, la kijiji cha Kwandelwa, lilikuwa hili:

*kama nyumba ina msiba*
*fungua lango la nyumba hiyo*
*mpaka mzaliwa wa kwanza afike*

Mistari mitatu. Ilikuwa imemkata mtu mguu.

"Bi Niwa, hujapiga," Khelef alisema kwenye simu. Yuko Wete, ana miaka arobaini na minne, na tangu ajiunge na watunzaji hajawahi kuchelewa hata kikao kimoja. Ndiyo maana Niwaeli alimpenda, na ndiyo maana wakati mwingine alimchosha.

"Sijapiga."

"Sababu unayo?"

"Sababu ninazo tele. Kwandelwa ndiko sijafika."

Watunzaji wa Mgawo wana mwiko wao wa zamani ambao haukuandikwa popote: hupigi kura juu ya bwawa usilolikanyaga. Khelef aliujua vizuri, akashusha pumzi.

"Hoja si ya Kwandelwa, ni ya lugha nzima. Mtu amekatwa mguu, mimi niende nikauangalie ili iweje? Sikiliza. Nimeyasoma yale matamko, yote. Mia tatu na kumi na moja hayana mwisho. Yanasubiri jambo litokee, na lisipotokea maji yanakwenda tu. Kwandelwa ni ya kwanza kati ya mia tatu na kumi na moja, Bi Niwa."

"Na badala yake tuweke nini?"

"Orodha. Msiba: siku tatu, siku saba, siku arobaini. Mtu achague, abonyeze, aende zake."

"Na wanaotaka siku nne?"

"Wachague tatu."

"Matanga ya baba yako, ungemwambia hivyo mama yako?"

"Mama yangu angenuna mwezi mzima," Khelef alisema. "Lakini angekuwa na miguu miwili. Na kuna jambo jingine, naomba usinikasirikie. Mgawo wenyewe hufunga lango lolote likikaa wazi zaidi ya muda wa saa sita. Haukufunga kwa sababu Tamko lina neno la mwisho juu yake. Nani aliandika hivyo?"

Niwaeli hakuwa na haja ya kutafuta. Jina lake lilikuwapo pale pale kwenye mstari ule, na tarehe.

*

Ijumaa alipanda mlima kwa pikipiki ya umeme ya kukodi, huku droni za mizigo zikimpita juu na magunia ya tangawizi. Alikuwa na hakika na jambo lake. Kichwani alishapanga sababu saba za kuibakiza lugha, na ya tatu ilikuwa nzuri kiasi kwamba aliirudia kwa sauti kwenye kona mbili tatu. Alichotaka ni kuona, kusalimia aliyeumia, na kushuka.

Aliyempokea ni karani wa maji, Elinipa Mchome, mwanamke wa miaka thelathini na moja mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Yeye ndiye aliyeandika ile mistari mitatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole na yote."

"Tumeshapoa," Elinipa alisema, na ilikuwa wazi hajapoa hata kidogo. Akamkaribisha ofisini, akammiminia chai, akakaa mikono ikiwa mapajani kama anayesubiri majibu ya mtihani. Kisha, kabla Niwaeli hajanywa hata funda la pili, akasema lililomkaa rohoni.

"Mama, naomba uiondoe."

"Niondoe nini?"

"Hiyo lugha. Wanasema kura imebaki yako. Naomba uiondoe."

Niwaeli aliweka kikombe chini. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa machozi, hata kwa kesi. Hili hakulitegemea.

"Ukiiondoa," Elinipa aliendelea, "watu watasema lugha ilikuwa mbovu, ona hata wenyewe wameitupa. Usipoiondoa, mbovu ni mimi. Hawanitukani, mama. Afadhali wangenitukana. Nikipita njiani wananisalimia vizuri mno. Mtu alikuwa ananipungia mkono tu, sasa anasimama, ananiuliza habari za watoto, ananiuliza na za kuku. Nimechoka kuulizwa habari za kuku."

Akaeleza yote, polepole, kwa mpangilio. Kwandelwa, mtu akifiwa, majirani huachia zamu zao za maji ili nyumba ya msiba ipike, ioshe na kuwanywesha wageni. Na matanga hayafungwi mpaka mzaliwa wa kwanza afike amwage udongo kaburini. Zamani huyo mzaliwa wa kwanza alikuwa Tanga, au Arusha, au kama ni mbali sana Johannesburg. Siku mbili, nne, ameshafika. Simu yake inashika mnara wa kijiji, kisanduku kinajua, lango linafungwa. Tamko lilifanya kazi misiba kumi na tisa bila tatizo. Wa ishirini ulikuwa wa Mzee Mbazi. Mzaliwa wake wa kwanza, Eliona, ni fundi wa setilaiti. Yuko juu, kwenye kituo kinachozunguka dunia, na zamu yake haiishi mpaka Novemba.

"Sikuwaza angani," Elinipa alisema. "Nani anawaza angani anapoandika mambo ya mfereji?"

Basi maji yakaenda. Siku ya tisa, asubuhi, ukingo wa mfereji ukaporomoka juu ya zizi la Mzee Kazeni Msangi, ambaye wakati huo alikuwa akimfungua ng'ombe. Ng'ombe alitoka mzima. Ukuta ulimwangukia mzee mguuni, na hospitali walishindwa kuuokoa, wakaukata chini ya goti. Siku hiyo ndipo lango lilipofungwa kwa mkono.

Huruma ilimkaba Niwaeli. Na wakati huo huo, lazima tuseme kweli, aliona njia nyepesi imefunguka mbele yake. Neno moja tu, liondolewe, na binti huyu angetembea tena kijijini bila kuulizwa habari za kuku. Khelef angefurahi. Ni lugha tu, si mtu. Zile sababu saba zote, pamoja na ile ya tatu, zilimtoka kichwani.

"Nipeleke kwenye kisanduku," alisema. "Nataka kusoma kumbukumbu zake."

*

Mgawo huandika kila kitu. Lango likizidi saa zake, hata kama Tamko limelizuia kufungwa, kisanduku hutuma tahadhari kwenye simu za majirani wote wanaotumia mfereji huo, na kila mmoja hupewa vitufe viwili. Kimoja kinasema *Nimeona*. Kingine kinasema *Funga*. Yeyote anaweza kufunga. Hata simu haihitajiki. Ukienda langoni kuna gurudumu la mkono, mtoto wa darasa la nne analizungusha.

Niwaeli alichutama ukingoni, akaunganisha kioo chake cha kompyuta na kisanduku, akaanza kusoma. Siku ya kwanza, tahadhari arobaini na tatu. *Nimeona*, arobaini na tatu. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tano, hivyo hivyo. Alisoma mpaka siku ya nane, na katika siku zote hizo hakuna kidole hata kimoja kilichogusa *Funga*.

"Na wewe umo," alimwambia Elinipa.

"Nimo."

"Kwa nini hukufunga?"

"Ningefungaje, mama?" Elinipa alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini hakumpiga mzazi wake. "Mama Eliona amekaa mkekani, mumewe hajamaliza wiki kaburini, niende mimi nikamfungie maji? Kila nikiamka nasema, leo mwenyekiti atafunga."

"Na mwenyekiti?"

"Nadhani naye akiamka alisema, leo karani atafunga."

Niwaeli alitaka kucheka, akashindwa. Aliteremka na orodha mpaka akalikuta jina alilokuwa analiogopa. Msangi, Kazeni. *Nimeona*, mara nane. Mwenye zizi lililo chini ya mfereji alionywa mara nane, akabonyeza kama wengine kwa mkono wake mwenyewe.

Akaketi juu ya jiwe, akashika tama. Hapa ndipo alipokuwa na ushindi mkononi, na ushindi wenyewe ulinuka. Angeweza kuibandika ile kumbukumbu chini ya hoja, na Khelef asingekuwa na la kusema: lugha ilifanya ilichoambiwa, mashine ilionya mara mia tatu na arobaini na nne, binadamu wakanyamaza. Lakini Mgawo ni wa wote, na linalobandikwa chini ya hoja linasomwa na dunia nzima, tena halifutiki. Angekuwa ameiokoa lugha yake kwa kuzianika kaya arobaini na tatu za watu waliokuwa wanamwonea haya mfiwa. Na mmoja wao tayari amelala kitandani na mguu nusu.

Alikata shauri pale pale. Hakubandika. Alizima kioo, akamwambia Elinipa aite mkutano kesho saa tatu asubuhi, ukumbi wa shule, kila kaya.

"Utasema nini, mama?"

"La kwangu nitalisema. La kwako utalisoma."

"Nisome nini?"

"Tamko lako. Liliwahi kusomwa mkutanoni?"

Elinipa alifikiri. "Lilibandikwa ubaoni," alisema.

*

Jumamosi watu walijaa ukumbini, na waliokosa viti walisimama madirishani. Niwaeli aliweka simu mezani, na Khelef alikuwa kwenye laini kutoka Wete akisikiliza. Alikuwa ameomba mwenyewe. Mzee Kazeni aliletwa na wanawe wawili, akakataa kubebwa, akaingia kwa magongo, akakaa mstari wa mbele na kuuweka mguu wake uliobaki mahali pa kila mtu kuuona. Nakiete, mjane wa Mbazi, alikaa nyuma kabisa na kitenge chake cheusi. Ilikuwa siku ya arobaini na moja, na kwa kuwa mzaliwa wa kwanza hajafika, kidesturi alihesabiwa bado yuko mkekani. Shamba lake halikuguswa jembe tangu siku ile.

Niwaeli alisimama.

"Shikamooni wakubwa. Mimi ndiye niliyeitengeneza lugha mliyoiandikia. Na kuna mstari mmoja ndani ya Mgawo unaosema kijiji kikisema fungua, mashine isifunge, ionye tu. Mstari huo niliuandika mimi, mtu yeyote asije akamsingizia mwingine. Niliuandika kwa sababu sikutaka mashine imkatalie binadamu juu ya maji yake. Mzee Msangi, sehemu yangu katika mguu wako ni hiyo. Nakuomba radhi."

Mzee Kazeni aliitikia kwa kichwa.

"Leo saa sita napiga kura lugha hii ibaki au iondoke. Kabla sijapiga, naomba karani awasomee mliloandika."

Elinipa alisimama. Alisoma mistari yote mitatu, na kwa kuwa ilikuwa mifupi, ilikwisha kabla watu hawajatulia. Mwenyekiti, bwana mmoja mnene aitwaye Elirehema, alikohoa.

"Ndugu zangu, kwa kweli karani wetu ni mtu mzuri sana," alianza. "Ila hapo pa kuwaza wale walioko angani, hapo nadhani..."

"Kaa, Elirehema," Mzee Kazeni alisema.

Mwenyekiti akakaa.

Mzee alijiinua kwa magongo yake, taratibu, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. "Tahadhari ilikuja kwenye simu yangu mara nane," alisema. "Mara nane nikabonyeza *Nimeona*. Mfereji ule unapita juu ya zizi langu, naujua kuliko mtu yeyote humu. Siku ya sita nilipita pale nikakuta ukingo unavuja, udongo umelainika kama ugali mbichi. Nikasimama. Gurudumu lile pale. Nikasema, mimi nani hata nimfungie Nakiete maji? Nikaenda zangu kukata majani ya ng'ombe."

Mzee alihamishia uzito kwenye gongo la pili.

"Sasa nasikia mnataka lugha itupwe. Binti huyu anataka, nimesikia. Mwenyekiti anataka. Huko kwa wataalamu wapo wanaotaka. Ikitupwa, mimi nitakuwa nimekatwa mguu na kitu ambacho hakipo tena duniani. Nikiulizwa na wajukuu, niseme nini? Sikubali. Mimi niliona. Nani mwingine aliona?"

Hakuna aliyejitikisa. Niwaeli alikuwa na majina yote arobaini na matatu kwenye kioo mezani pake, na alikilaza kioo kifudifudi.

Kisha Elinipa akainua mkono. Halafu mwalimu mkuu, pale mlangoni. Halafu wanawake wawili wa dirishani, kwa pamoja, kama waliokubaliana. Mikono ikaanza kupanda huku na huku, mingine juu kabisa, mingine imefika sikioni tu. Elirehema aliwatazama watu wake, akainua na yeye mkono, wa mwisho.

"Haya," Mzee Kazeni alisema. "Shusheni. Tuongee kama watu." Na akakaa.

Wakaongea, tena kwa kelele. Maana sasa aibu ilikuwa imegawanywa, kila mtu alibeba fungu lake na kila mtu alikuwa na la kusema. Niwaeli alitoa pendekezo lake: tamko lolote lisikubaliwe na kisanduku kabla ya kusomwa kwa sauti mbele ya watu, na lazima liwe na jina la mtu mmoja wa kusema basi. Si kijiji, si kamati. Mtu, mwenye jina.

"Awe mwenyekiti," mmoja alisema.

"Nitamfungia nani maji, na mimi naishi hapa?" Elirehema aliuliza, na safari hii hakuna aliyemwambia akae.

"Awe karani."

Elinipa alitikisa kichwa. "Nilishindwa mara nane. Nitashindwa ya tisa."

"Mchungaji je?" Mchungaji naye akaangalia viatu vyake. Wakazunguka hivyo nusu saa nzima, kila jina likitajwa linarudishwa, mpaka Niwaeli akaanza kuona kwamba Khelef alikuwa sahihi: hakuna mtu aliyezaliwa Kwandelwa atakayemfungia mfiwa maji, hata umwandike jina lake kwa wino wa dhahabu. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika arobaini.

"Mbona hamniulizi mimi?"

Watu waligeuka. Nakiete alikuwa amesimama. Hakuwa amesema neno mbele za watu tangu mazishi.

"Maji yalifika mpaka uani kwangu siku ya tatu," alisema. "Siku ya tano nilikuwa navuka kwa mawe kwenda jikoni. Nilijua yamezidi, sikuwa kipofu. Nikasema, majirani wananipa heshima ya mume wangu. Nikiyafunga watasema nimewatupia heshima yao usoni. Nikaacha." Akamtazama Mzee Kazeni. "Nisamehe, shemeji. Nilikuwa nawaonea haya na ninyi mlikuwa mnanionea haya, na katikati yetu ulikuwapo mguu wako."

Mzee alijifuta uso kwa kiganja. "Yamepita, Nakiete," alisema.

"Basi andikeni mimi. Mwenye msiba ndiye aseme basi, si jirani. Akishindwa kusema, siku ya saba mje mniulize kwa mdomo. Mje wawili, msije mmoja."

Ukumbi mzima ulipumua. Niwaeli alikuwa ameitafuta sentensi ile miaka ishirini na sita katika vitabu vya ufundi na hakuipata, na sasa ilikuwa imesemwa na mama mwenye kitenge cheusi kwenye ukumbi wa shule. Alichukua simu.

"Khelef, umesikia?"

"Nimesikia." Sauti yake ilikuwa nzito. "Hilo linaifaa Kwandelwa, Bi Niwa. Na yale mia tatu na kumi mengine?"

"Yatazimwa leo mpaka yasomwe. Halafu nitayafuata moja moja."

"Utakufa hujamaliza."

"Watamalizia wengine. Watu wakijiandikia wenyewe wanakosea, Khelef, nakubali. Ile orodha yako ingekosea pia, ila siku hiyo ukumbi kama huu usingekuwepo, maana wasingekuwa na kitu chao cha kusoma. Naandika ibaki."

"Kura yangu haibadiliki."

"Sikukuomba uibadilishe."

Akaandika, saa tano na dakika hamsini na mbili: *Ibaki. Tamko lisilosomwa mbele ya watu lisifanye kazi, wala lisilo na jina la mtu wa kusema basi.* Akaweka jina lake chini.

"Hicho kifungu cha jina nitakiandika mimi kwenye programu," Khelef alisema. "Wewe utakiandika vibaya. Uliandika vibaya ule wa neno la mwisho."

"Kiandike."

"Usiku wa leo kitakuwa tayari. Msalimie mzee."

Elinipa alikuwa ameshakaa mezani, anaandika. Alisoma kila neno kwa sauti alipokuwa akiliandika, na watu walimsahihisha, wakabishana kama siku ya saba ihesabiwe kuanzia kifo au kuanzia mazishi, wakaafikiana mazishi. Alipomaliza alibonyeza kitufe, akasubiri, kisha akainua macho. Kioo kilikuwa kimemjibu kwa swali.

"Kinasemaje?" Niwaeli aliuliza.

"Kinasema msiba wa nyumba ya Mbazi bado uko wazi." Elinipa alimgeukia Nakiete, na sauti ilimshuka. "Kinamuuliza mwenye msiba kama uendelee au basi. Mama, si lazima ujibu leo. Tunaweza kukiacha, Eliona si atashuka Novemba..."

Nakiete alipita katikati ya watu mpaka mezani. Aliangalia kioo, akaangalia mikono yake iliyokaa siku arobaini na moja bila kazi.

"Andika basi," alisema. "Eliona akija atanikuta shambani."